Nilipunguzwa kazini, nikaingia barabarani

Barua niliipokea Ijumaa mchana. Miaka 11 ya utumishi ilimalizwa kwa aya tatu: kampuni inapunguza wafanyakazi, stahiki zangu nitalipwa, wananitakia kila la heri. Nikarudi nyumbani na boksi lenye kikombe, kalenda na chaja ya simu.

Fedha ilinisumbua, sitaki kudanganya. Lakini kilichonitesa zaidi ni alfajiri. Saa kumi na moja macho yananitoka kama kawaida, naoga, navaa shati lililopigwa pasi, kisha nakaa kitandani sina ninakokwenda. Hakuna mtu aliyekuwa akinisubiri popote. Wiki ya tatu nikavaa raba nikatoka kutembea, ili tu mke wangu akiamka asinikute nimeinamisha kichwa palepale.

Kutembea kukazaa kukimbia. Siku ya kwanza sikumaliza dakika tatu, kifua kikawaka moto. Nikaanza upya kwa utaratibu: dakika moja nakimbia, mbili natembea, mara nane, siku tatu kwa wiki. Nikirudi naandika kwenye daftari tarehe, dakika, na mwili unasemaje. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa ripoti, na mkono wangu ulifurahi kupata tena cha kuandika.

Mwezi wa nne nikajiandikisha marathoni, kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulianzia kwenye Olimpiki ya London ya 1908, na haupunguzwi kwa ajili ya mtu yeyote. Mimi niliyepunguzwa nilikipenda sana kitu hicho kisichopunguzwa.

Kosa langu lilikuwa pupa. Nilikuwa nafika kilomita 15, wiki iliyofuata nikajipa 22. Muundi wa kushoto ukaanza kuuma kama unachomwa msumari. Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua mapema: moyo na mapafu huzoea mazoezi upesi, mifupa na kano huchelewa, kwa hiyo pumzi inakuruhusu kwenda mbali kuliko mguu unavyoweza. Akanisimamisha wiki tatu.

Wiki zile lile giza la mwanzo lilirudi. Siku ya nne mke wangu akanishika bega kukiwa bado hakujapambazuka.

"Amka, mume wangu. Saa ni ileile."

"Nimekatazwa kukimbia."

"Hujakatazwa kuamka."

Tukaenda taratibu, yeye na kanga yake mabegani, mpaka kulipokucha. Hakusema neno kuhusu kazi. Alifanya hivyo kila siku hadi niliporuhusiwa, na sijui ningemlipa nini kwa asubuhi zile.

Siku ya mbio nilijizuia mwanzoni. Nilishajifunza kwamba akiba ya sukari mwilini huelekea kuisha karibu na kilomita 30, hivyo nilikunywa na kula kidogo kidogo njiani. Hata hivyo kwenye kilomita ya 33 mapaja yaligeuka magogo. Nikaacha kufikiria mwisho, nikawa nahesabu hatua: moja hadi mia, kisha tena moja. Mzee mmoja mwenye mvi akanifikia, akaniangalia miguuni, akasema, "Twende, mwanangu, usisimame tu." Tukaongozana kama kilomita mbili, kisha akaniacha. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 12. Mke wangu alikuwa kwenye uzio, analia na kucheka kwa pamoja.

Kazi ya kudumu bado naitafuta, kwa sasa naishi kwa vibarua. Ila jirani aliyeniona nikipita kila alfajiri aliomba tuongozane, naye kazini kwao walipunguzwa. Akaja na mwenzake. Sasa ndiye mimi ninayewapangia dakika za kukimbia na za kutembea, na kila mmoja nimemfungulia ukurasa wake kwenye daftari. Saa kumi na mbili kamili, watu watano wananisubiri.