Nitakuambia ukipona

Saa hii wote wamelala na mimi niko macho na simu, kwa sababu kuna maneno yamenikwama kichwani tangu Jumanne na hayataki kutoka. Nimeyaombea, nimeyashonea, nimemwambia baba watoto akanijibu "lakini si ni mtoto tu", na mimi najua ni mtoto, hata hivyo yananiuma.

Ilikuwa jioni, niko jikoni nakatakata sukuma, na kitinda mimba wangu, yule wa Grade 4, yule wa maswali, amekaa kwa kale kastuli karibu na meko ananipigia story ya shule. Kuna kitu kilitokea darasani kwao. Kuna msichana, kuna daftari limepotea, kuna mwalimu wa zamu ameingia na hasira, na hapo ndipo nilipofika kwa sababu nilipiga mwayo. Nikapiga mwingine. Na si ile miayo ya mtu amechoka, hii inakuja tu yenyewe, mdomo unafunguka mpaka taya linauma na macho yanatoa machozi, na nilikuwa nasikiliza jamani, nilikuwa nataka sana kujua huyo mwalimu alifanya nini. Wa tatu ulipokuja akanyamaza. Nikamwambia, "Endelea mami, nasikia." Akaniangalia kidogo, akashuka kwa stuli, akasema, "Ni sawa mum. Nitakuambia ukipona."

Akaenda zake kufanya homuweki.

Hakusema kwa hasira, hakununa, na afadhali angenuna kwa sababu mambo ya kununa ninayajua, namvuta namtekenya yanaisha. Alisema kwa upole, ile sauti shosho wake hutumia akiongea na mtu amelazwa. Ukipona. Yaani kwa kichwa chake kuna mama atakuja baadaye, na huyu aliye hapa anakata sukuma ni wa kuvumiliwa mpaka yule afike. Sisi tuliwaambia watoto wazi kwamba mama alikuwa na huzuni isiyoisha na sasa anakunywa dawa ya kumsaidia, tukawaambia si siri na si aibu, wakauliza maswali yao yakaisha. Kumbe huyu mdogo alienda nayo akaipangia ratiba yake mwenyewe. Mambo yake ameyaweka kando, ananingoja. Sasa najiuliza ameweka mangapi. Najiuliza kama kuna kitu cha maana kilimpata mwezi huu akakikalia kimya kwa sababu aliona mama bado.

Wale mlisoma ile niliandika hapa ya kulia ndani ya matatu ya Kapte, mtaa wetu wa Kaptembwo, mnajua vile tulifika hapa, sirudii. Daktari alinianzishia dawa ya dipresheni inaitwa fluoksetini, miligramu 20, kila asubuhi baada ya kula kitu, na akaniambia mapema kwamba mwili huona madhara kwanza kabla ya kuona faida. Wiki mbili hadi nne ndio nafuu huanza kuonekana, na inaweza kufika wiki sita au nane kabla mtu aseme kweli hii dawa imenikubali. Nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Lakini kuelewa ukiwa umekaa kwa kiti cha kliniki ni kitu kimoja, na kuamka asubuhi tumbo limegeuka, umemeza dawa ya huzuni na huzuni iko palepale na juu yake umeongezewa kichefuchefu, hicho ni kitu kingine kabisa. Mimi naona hapo ndipo watu wengi wanaiwacha. Si kwamba hawana imani, ni kwamba hesabu ya wiki za kwanza ni mbaya, unalipa kila siku na hujapokea chochote.

Tumbo ndilo lilianza. Harufu ya kitunguu ikikaangwa ilikuwa inanitoa nje. Daktari alinieleza kwamba hiyo serotonini, kemikali ya mwili ambayo dawa inashughulika nayo, nyingi iko kwa matumbo, kama asilimia 90, si kichwani vile mtu angefikiria, ndio maana tumbo hulalamika mapema. Nduma kipande na chai ya tangawizi kabla ya dawa imenisaidia, na kula kidogo kidogo badala ya sahani moja kubwa. Kichwa kikauma, nikataka kumeza ibuprofeni vile nimezoea, akanikataza, akasema hiyo pamoja na fluoksetini inaongeza hatari ya kutoka damu tumboni, nitumie paracetamoli. Mdomo mkavu, jasho la usiku na baridi hii ya Nakuru ya Julai, usingizi wa vipande vipande. Na kuna ule wasiwasi wa siku za kwanza, si huzuni, ni wasiwasi tu wa mwili, kama mtu ametoka nyumbani akaacha sufuria kwa moto na hawezi kurudi. Ule umepungua, namshukuru Mungu.

Kuhusu huo wasiwasi, daktari aliomba baba watoto aingie. Akamwambia mbele yangu kwamba wiki za kwanza mtu anaweza kuhangaika zaidi badala ya kutulia, na wanaangaliwa sana walio chini ya miaka 25, lakini hata mtu mzima aangaliwe, na nikianza kuzidiwa au kuongea mambo ya kujiumiza asingoje tarehe ya kliniki, anilete siku hiyohiyo. Baba watoto akatoa simu akaandika. Mwanaume ambaye haandiki hata bei ya unga, aliandika, akauliza "siku hiyohiyo hata usiku?" akaambiwa hata usiku, akaandika hiyo pia.

Lakini kilichonisumbua kazini ni mikono. Fundi ni mikono. Unakaa kwa cherehani, unalamba ncha ya uzi, unaubana kwa vidole viwili, unausogeza kwa tundu la sindano, na ile ncha inacheza. Kidogo tu, mteja hawezi kuona, ila tundu la sindano linaona. Uzi unagonga chuma upande huu, unagonga upande ule, unagawanyika nyuzi mbili, unakata na mkasi unaanza upya. Siku hizi mwenzangu wa kibandani ananitungia sindano asubuhi akifika kabla sijamwomba, ananiachia na mbili za akiba zimechomekwa kwa kitambaa na uzi wake. Hajawahi kuuliza. Huyo mama Mungu amwongezee.

Wiki imekuwa na mambo kusema kweli, mwenye nyumba ameongeza kodi, Jumamosi tulikuwa Njoro kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya mdogo wangu na ilienda vizuri sana, mukimo sikuweza kuonja lakini nilicheza. Na katikati ya hema na vigelegele, wazee wakiongea mambo yao ya mbuzi, mimi nilikuwa namtazama kitinda mimba akimpigia shangazi yake story ndefu na mikono yote miwili, na shangazi akicheka, na nikawa najiuliza kama ni ile ya daftari.

Sasa Jumatatu ndio nilirudi kliniki.

Nilikuwa nimeandika madhara yote kwa karatasi, tumbo, kichwa, jasho, mikono, usingizi. Miayo sikuiandika, haikunijia kwamba ni ya kuandikwa. Daktari anasoma karatasi na mimi nikapiga mwayo mbele yake, ule mkubwa, nikaomba radhi. Akaweka karatasi chini. "Mama, hiyo miayo imeanza lini?" Nikamwambia hata sijui, ni usingizi tu, silali vizuri. Akaniuliza, "Sasa hivi unasikia usingizi?" Nikajiangalia ndani, na ukweli ni kwamba sikuwa na usingizi hata kidogo.

Akasema ni dawa. Akasema miayo inajulikana kabisa kwa dawa za aina hii, inakuja bila uchovu na bila kuchoshwa na mtu, na kwa wengi hupungua mwili ukizoea, na ikikataa kupungua kuna kushusha dozi au kubadilisha dawa, bora nisijishushie mwenyewe wala kuacha ghafla. Mikono pia, tungoje kidogo tuone.

Siwezi kuwaeleza vile nilitoka pale. Nilikaa kwa benchi nje karibu na askari wa geti na nikacheka peke yangu na machozi juu. Kwa sababu tangu Jumanne nilikuwa nimebeba kitu kizito kuliko yale maneno yenyewe, na kitu chenyewe ni hiki, kwamba labda ni kweli nilichoshwa. Kwamba huzuni imenikausha mpaka story ya mtoto wangu inanipa usingizi. Mtu akiwa na dipresheni huo uwongo huuamini haraka sana, kwamba mapenzi yamekwisha na umebaki unaigiza. Na kumbe nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikiliza na taya linafanya kazi yake ya dawa.

Jioni nikamwita. Nikamweleza, "Mami, ile miayo si yangu, ni ya dawa. Daktari amesema. Inakuja hata nikiwa nasikiliza vizuri." Akafikiria. Akauliza, "Hata ukiwa kanisani?" Nikasema hata kanisani. "Hata ukikasirika?" Nikasema sijajaribu lakini nadhani hata nikikasirika. Akacheka hapo. Akauliza, "Kwa hivyo ukipiga nisinyamaze?" Nikamwambia usinyamaze, wewe pita tu.

Na akaongea. Alinipigia ya kuku wa jirani ameingia darasani, nikapiga mwayo, akasimama nusu sekunde, akaniangalia usoni, akapita. Mwingine, akaniangalia, akapita. Mpaka akawa hasimami tena.

Nikamwuliza, na ile ya daftari je? Mwalimu alifanya nini?

Akasema, "Ah, hiyo ilishaisha mum."

Nikambembeleza kidogo. Akainua mabega, akasema hakumbuki vizuri, akarudi kwa kuku. Na alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na furaha, nataka hilo lieleweke, ilikuwa jioni nzuri kuliko zote za mwezi huu. Ila ile ya daftari sitaijua. Na sijui alimaanisha nini na hilo "ukipona", kama ni miayo peke yake au ni mimi mzima, na sikumwuliza kwa sababu kuna maswali ukimpa mtoto wa umri huo unamtwisha.

Nitaendelea na dawa. Asubuhi mbili zilizopita niliamka nikasikia njaa ya kweli, nikala mayai na nikataka mengine, sijui kama ndio kuanza ama ni siku nzuri tu.

Kinachoninyima usingizi saa hii hata si hiyo, ni kitambaa. Zile sketi za kwaya, 36, za marinda, za ile shule inaenda tamasha za muziki. Jora la kwanza liliisha nikaenda kununua la pili palepale, rangi ileile, maruni, jina lileile, na kwa taa ya dukani zilikuwa sawa kabisa. Leo nimezitoa nje juani, moja ni maruni na nyingine imeingia kahawia. Watoto wakisimama kwa jukwaa mstari mmoja itaonekana. Mwenye duka anasema mzigo wa zamani umeisha, na kuchanganya siwezi, na kununua upya zote pesa ya wapi na kodi ndio hiyo imepanda. Kama kuna mtu anajua duka hapa Nakuru ambalo bado lina ile maruni ya zamani, hata mita 20, aniambie kabla ya Jumatano, mwalimu wa muziki amenipigia leo na simu sikushika.