Nilivyoitia adabu "get" nikiwa mpagazi Kilimanjaro

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa kidato cha pili alikuwa na kalamu nyekundu na chuki moja tu: neno "get". Ukiandika "I got a letter", anakata, anaweka "received". Ukiandika "I got tired", anakata, anaweka "became". Kwake hilo lilikuwa neno la wavivu. Tukamwamini. Nilimaliza shule nikiwa na "obtain", "acquire" na "attain" kichwani, nikapanda Mlima Kilimanjaro nazo, juu yake nikatwishwa kilo 20 za mizigo ya wageni.

Kumbe mlimani hakuna "obtain". Safari yangu ya kwanza, njia ya Machame, sikuisikia hata mara moja. Kuanzia getini mpaka kileleni ni get, get, get. Get ready. Get some rest. I'm getting cold. I don't get it. Siku niliyojitutumua kumwambia mgeni "Tomorrow we shall obtain the summit", aliniuliza kwa upole tunaenda kuichukua kwa nani.

Kabla sijaendelea, nimalizane na washauri. Wa kwanza ni jamaa yangu wa stendi ya Moshi, anayejiona profesa kwa kuwa aliwahi kupiga picha na Wazungu. Yeye alisema, "Get ni kupata, mwanangu, usijitese." Wa pili ni kozi ya jioni niliyolipia laki na ushee, hela ya safari nzima na tipu zake. Mwalimu akatugawia karatasi za vitenzi vyenye vijineno nyuma yake, zaidi ya mia mbili, vimepangwa kwa alfabeti, tukariri kumi kila jioni. Tulipofika herufi ya D hela yangu ikaisha. Sasa hesabu mwenyewe, G iko wapi.

Ushauri wa kwanza ndio uliokaribia kunifukuzisha kazi.

Nilikuwa nimepandishwa cheo kutoka mpagazi kuwa weita, yaani yule anayepeleka bisi na chai ya saa kumi kwenye hema la kulia na maji ya moto ya kunawa. Mpagazi hubeba, haongei. Weita huongea, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Tuko kambi ya Shira, saa moja jioni, ukungu umeshuka mpaka huoni kiganja chako. Mama mmoja Mwingereza, rika la bibi yangu, ametoka hemani na taa yake ya kichwani, anatafuta choo. Badala ya kushika kulia kashika kushoto, kwenye mawe. Mimi nina beseni mikononi. Nikawaza haraka: kupotea ni "get lost", hiyo ninayo, jana nimemsikia kiongozi akiwaambia wageni "don't get lost". Nikaita kwa sauti yote niliyojaliwa:

"Madam! Get lost!"

Akasimama. Akageuka, taa ikanimulika usoni. Nikadhani hajasikia kwa sababu ya upepo, nikaweka beseni chini ili nipate mkono wa kumwonyesha kule kwenye mawe, nikarudia taratibu kama tunavyofundishwa kuongea na wazee: "You. Get lost. Get lost."

Akasema, "I beg your pardon?"

Nikajibu kwa heshima zote, "Welcome."

Hema la kulia lilinyamaza. Vijiko vilinyamaza. Kiongozi wetu, mzee aliyeanza kupanda mlima huu kabla sijazaliwa, alitoka mbio na sabuni bado iko shavuni. Akaongea na yule mama dakika mbili tatu, nikasikia kicheko, halafu akanivuta nyuma ya jiko. "Dogo," akasema, "umemwambia bibi wa watu apotee mbele ya macho yako. Mara tatu."

Usiku ule sikulala, na si kwa baridi. Nilikuwa nayafikiria maneno mawili ya kwetu. Nikikwambia "unapotea", nimekuhurumia. Nikikwambia "potea!", nimekutukana. Kinachoyatenganisha ni hicho kipande cha mbele, "una-". Kumbe Kiingereza nacho kina vipande vyake, kinaviweka mbalimbali tu: "you're getting lost", unapotea; "you'll get lost", utapotea. Ukivivua, kitenzi kinabaki uchi, na kitenzi kilicho uchi ni amri. Nilisoma Kiingereza miaka yote ile, hilo sikuambiwa na mtu.

Yule mama hakuninunia. Mpaka tunashuka geti la Mweka, kila akienda chooni alinipitia akauliza, "Shall I get lost now?" Siku ya kuagana, juu ya tipu, alinipa suruali ya mumewe ya kupandia milima. Urefu ulinitosha, kiuno kingeingia watu wawili, nikaifunga kwa kamba ya hema. Ilikuwa na mifuko sita. Ishike hiyo mifuko, tutairudia.

Aibu ya pili niipitie upesi. Vijana wa Kimarekani, jioni, mimi najitia kuwapa moyo: "Tomorrow we get high. Very, very high!" Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Get high" si kupanda juu, ni kulewa, hasa bangi. Kupanda juu sema "go higher". Wale vijana walinipenda sana kwa sababu ambayo sikuitaka.

Ya tatu haikuchekesha. Kambi ya Barafu, mwinuko wa mita 4,600 na kitu, jioni ya kuamkia kilele. Kawaida tunaondoka karibu na saa sita usiku. Kiongozi ananituma nipite kwenye mahema niulize hali za wageni. Mmoja, mwanamume mtu mzima, ananiambia kichwa kimemuuma tangu asubuhi, halafu: "It's not getting any better." Mimi nikadaka nilichokijua, "getting", kupata, na "better", nafuu. Nikarudi na ripoti: "Anasema anapata nafuu." Ile "not" ilipita kama upepo. Bahati yetu yule mzee haamini ripoti ya mtu. Akaenda mwenyewe, akamtia kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, akamsimamisha amtembeze hatua chache, jamaa anayumba. Aliteremshwa saa ileile. Mlimani, kichwa kinachozidi kuuma huku mtu anapepesuka, dawa yake ni kushuka, husubiri kupambazuke.

Mzee hakunigombeza. Aliniambia tu, "Dogo, hiyo lugha uijue au uiache." Ingekuwa heri angenigombeza.

Basi nikaingia kazini. Nikanunua kaunta buku, elfu mbili tatu hivi, nikaamua kukusanya kila "get" itakayotoka kinywani mwa mgeni. Kuandika mbele yao haifai, watadhani unawapeleleza. Nikawa nachana maboksi matupu ya majani ya chai vipande vidogo, naandika nikiwa jikoni, nasokomeza mfukoni. Usiku nayamwaga yote chini ya tochi. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu: "get here", "get wet", "get water". Nikayapanga kwa maana ya Kiswahili, nikashindwa, maana kila karatasi ilitaka maana yake. Kama kukamata kuku kwa mkono mmoja.

Usiku mmoja, sijui ni uchovu, nikaacha kulitazama lile "get" lenyewe, nikatazama kinachofuata nyuma yake. Palepale vurugu ikatulia. Nyuma yake kikija kitu, maji, barua, kazi, ujumbe, basi yule jamaa wa stendi yuko sahihi: ni kupata na ndugu zake, kupokea, kununua, kwenda kuleta. "Get some water" ni kalete maji. Hao wakaingia mfuko wa kulia. Nyuma yake ikija hali, baridi, uchovu, njaa, giza, unafuu, hapo hakuna kupata chochote. Ni hali inabadilika: "it's getting dark", giza linaingia, "I'm getting cold", baridi inaanza kunipiga. Na "I'm cold" ni kwamba imeshanipiga. Mfuko wa kushoto. Nyuma yake pakija mahali, ni kufika, na fika yake mara nyingi ina jasho ndani yake: "How do we get to Stella Point?" Huyo anayeuliza, ule ukingo wa kreta wenye mita 5,756 bado anauota tu. Mfuko wa nyuma. Angalia "home" na "there" na "here", hazitaki "to". "Get to home" niliisema miaka minne bila mtu kunistua.

Nikaanza kuwapa wapagazi wenzangu mtihani njiani. Mimi natamka, wao wanapiga mfuko. "Get sick!" Paa, kushoto. "Get a blanket!" Paa, kulia. Wageni walidhani ni ngoma ya Kichaga.

Mfuko wa kushoto ulikuwa na wapangaji nisiowatarajia. "Get lost" yumo, maana kupotea ni hali. "Get dressed", "get hurt", "get stuck", wote humo. Na "get married", ambayo ilinifurahisha: wanandoa wa fungate waliniambia "we got married last month", nikagundua Mwingereza hajali nani kaoa na nani kaolewa, neno ni hilohilo. Mwambie bibi yako kwamba mjukuu wake wa kike ameoa, uone.

Halafu kuna "get" yenye mtu katikati. Mzee alikuwa akisema "I have to get her to drink", na mimi kwa wepesi nikaitafsiri kumnywesha. Sivyo. Kumnywesha ni kumshikia kikombe. Hii ni kumbembeleza, kumtania, kumtishia kidogo, mpaka anywe mwenyewe. Na hapo "to" haikwepeki: "get her to drink". Ukitumia "make", "to" inaondoka: "make her drink", na ubembelezaji nao umeondoka. Katikati kikiwa ni kitu badala ya mtu, kitenzi kinachofuata mara nyingi kinageuka: "get the tent fixed", hema lirekebishwe, fundi ni nani si hoja.

"I've got" niliiweka mfuko wa paja, peke yake, kwa sababu si kupata kabisa, ni kuwa nacho. "I've got a headache", kichwa kinaniuma. Mgeni akishika begi lake akakwambia "I've got it", anasema "niachie, ninalo". Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nasikia "nimepata", nafikiri ananikabidhi, navuta. Yeye anavuta. Wamarekani wanaongeza na "gotten", "it's gotten cold", ambapo Mwingereza wa leo atasema "it's got cold". Usimsahihishe yeyote kati yao, hasa kabla ya tipu.

Vijineno vya nyuma, up, off, over, away, vilikosa mfuko, nikaviweka kwenye soksi. Hizo sikukariri kwa orodha, nilingoja kila moja initokee. "Get up" ni kuondoka kitandani, "wake up" ni kufumbua macho, na alfajiri ya kambi ya Barranco baina ya hizo mbili kuna nusu saa nzima. "Get over" ni kupona. Ya magari ilinichukua muda mpaka nikaipatia dawa kwetu Moshi: gari la kuingia kwa kuinama na kukaa papo hapo, kama teksi au Noah, ni "get in" na "get out", Coaster na basi la Dar, ambalo konda anatembea ndani, ni "get on" na "get off". Bodaboda nayo ni "on", ingawa konda hana.

Mwalimu wangu simlaumu kabisa. Barua ya kuomba kazi ya kuongoza watalii niliiandika kwa "received" na "obtained", hakuna "get" hata moja, na ilipendeza. Alichokosea ni kutufanya tuamini kuwa watu wanaongea hivyo.

Leseni ninayo sasa, na suruali ninayo, imetiwa viraka magotini. Mwezi uliopita tunashuka Mweka kwenye tope, kijana mmoja nyuma yangu akaniuliza, "How did you get so good at English?" Nikanyamaza. Akadhani sijasikia, akarudia. Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Mkono ulikuwa umeshapiga mfuko wa kushoto wenyewe, na nilikuwa bado nahakikisha.