Kumbe nilikuwa nashangilia spiriti

Nimerudi geto saa mbili usiku nimechoka hatari, ila acha niandike sasa hivi, maana nikilala kesho nitaanza kujitetea.

Projekti yangu ya mwaka wa mwisho ni majani ya mwarobaini dhidi ya fangasi. Wazo lilitoka kichwani kwangu, kichwani kweli yani, maana nikiwa darasa la pili kule Muheza nilipata mapunye mabaya na bibi ndo alinitibu kwa mwarobaini. Basi nikachuma majani, nikayaanika kivulini karibu wiki mbili, nikasaga, nikaloweka kwenye ethanoli, yani spiriti, siku tatu kila nikipita natikisa, nikachuja, nikavukiza ile spiriti mpaka ikabaki kitu cha kijani cheusi kinanata kama lami. Bakuli zima la unga unaambulia kijiko tu, na harufu yake haitoki kwenye shati.

Tabu ikaja kwenye kuyeyusha. Lami ile na maji haviivi. Nikaona isiwe kesi, nikairudisha kwenye ethanoli ileile, nikatoboa vishimo kwenye agari (ile jeli ya kuoteshea vimelea, iko kwenye pleti) niliyoipaka fangasi aitwaye Candida albicans, nikadondoshea, nikaweka kwenye inkubeta, lile kabati la joto, nyuzi 35. Asubuhi yake kila kishimo kimezungukwa na duara safi, fangasi hakuna. Nikapiga picha fasta nikatupia kwenye grupu la familia, anko akajibu "hongera daktari", na mi nikakaa kimya nikakipokea hicho cheo.

Supavaiza alipoziona zile pleti hakusifia wala hakuponda, aliuliza tu, kishimo chenye ethanoli peke yake kiko wapi?

Hakikuwepo.

Nikarudia, na leo ndo nimesoma majibu. Ethanoli tupu: duara karibu sawa na lile nililotamba nalo. Fluconazole, dawa ya fangasi ya hospitali: duara kubwa, kama inavyotakiwa. Ekstrakti, yani ile lami, niliyoyeyusha safari hii kwenye DMSO kidogo (kiyeyushi kingine cha maabara): kamstari kembamba pembeni ya kishimo, unainamisha pleti kwenye mwanga ndo unakaona. DMSO tupu: hamna kitu. Yani muuaji wangu alikuwa spiriti, mwarobaini alisindikiza tu.

Siutupi mwarobaini lakini. Agari imejaa maji, na vitu vinavyonata hivi havitembei vizuri humo ndani, kwa hiyo duara dogo laweza kumaanisha dawa imeshindwa kusafiri tu. Njia ya haki zaidi ni kwenye mchuzi, yani chakula cha fangasi cha majimaji badala ya agari, unapunguza dawa nusu kwa nusu kwenye ile pleti ya vishimo 96 mpaka uone kiwango cha chini kabisa ambacho fangasi bado anagoma kuota. Wiki ijayo hiyo. Halafu kuna jambo nimekuwa nalikwepa: Candida siye anayeleta mapunye! Mapunye ni akina Trichophyton na Microsporum, wanaota taratibu wiki nzima hata mbili, na kwenye maabara yetu hatunao. Nimepima dawa ya bibi kwa mgonjwa mwingine kabisa.

Jioni nikampigia. Shikamoo bibi, marahaba mume wangu, umekula? Nikamwambia majani yamegoma. Akauliza nimeyafanyaje, nikaeleza, akacheka mpaka akakohoa. "Nani kakutuma ukaushe? Natwanga mabichi, nakunyoa kwanza, nakusugua asubuhi na jioni, ukilia shauri yako. Na vidonge unameza."

Vidonge gani bibi?

"Si vile babu yako alivileta kutoka hospitali. Ulimeza wiki na wiki, unatapika unarudishiwa."

Nikakaa kitandani. Fangasi wa mapunye anaingia ndani ya unywele, ndo maana kupaka peke yake huwa hakutoshi na hospitali wanatoa vidonge kama griseofulvin kwa wiki kadhaa. Nalijua hilo, nimeliandika mwenyewe kwenye utangulizi wa projekti, ukurasa wa pili!

Nikamuuliza mbona miaka yote hii hukuniambia.

"We uliuliza majani, mume wangu. Vidonge hukuuliza."