Jioni ya snakke

Barua iliyokuwa mfukoni mwangu ilibeba neno moja refu la Kinorwe: medarbeidersamtale. Kesho yake saa nne asubuhi mkuu wa zamu, kwenye makazi ya wazee nilikofanya kazi, angeketi nami faragha tuzungumze jinsi kazi inavyokwenda. Nilikuwa na jambo moja la kumweleza, kuhusu saa za kazi, na nilikuwa nimeliandika hivi: «Jeg vil å si med deg arbeidstiden.»

Ilikuwa Jumanne ya Februari 2018, mjini Bergen, mvua inanyesha kama kawaida ya mji ule. Maktabani kulikuwa na språkkafé, kikao cha saa moja na nusu ambapo wenyeji wa kujitolea huketi na wageni na kuzungumza Kinorwe tu, kahawa ikiwa mezani. Meza yetu ilikuwa na watu watatu: mwalimu mstaafu wa Kinorwe, mama mmoja wa Bukavu, na mimi. Mama naye alikuja na barua yake, ya chekechea ya mjukuu wake. Yake iliandikwa foreldresamtale, mazungumzo na wazazi.

Mwalimu aliisoma sentensi yangu, akachora duara tatu. Makosa matatu ndani ya maneno saba. Kisha akaandika chini yake: «Jeg vil gjerne snakke med deg om arbeidstiden», yaani ningependa kuzungumza nawe kuhusu saa za kazi. Muda wote uliobaki tuliutumia kwenye sentensi hiyo, na sijawahi kupata saa moja yenye faida zaidi katika lugha ile.

Duara la kwanza lilikuwa kwenye «å». Sisi tunasema «nataka kuzungumza», na kwa kuwa å husimama mbele ya kitenzi kama ku- yetu, mkono unaiandika wenyewe. Lakini vitenzi saidizi kama vil (taka), kan (weza), må (lazima), skal na bør haviipokei kabisa: vil snakke, kan snakke, må snakke. Å hurudi pale unaposema «jeg har lyst til å snakke», nina hamu ya kuzungumza. Gjerne aliiongeza ili ombi lisisikike kama amri. Kinorwe hakina neno moja la «tafadhali» linalofaa kila mahali, na heshima nyingi hupita katika vineno vidogo kama hicho. Hata mkuu wa kazi huitwa du, kama mtoto, kwa hiyo gjerne ni ya kutunza.

Duara la pili, na hili ndilo lililotuchelewesha, lilikuwa kwenye «si». Mama alishangaa. «Mwanangu, si ndiyo kusema?» Ndiyo, lakini kusema kwetu ni pana. Tunauliza «unasema Kiswahili?» na tunasema «nimesema na mwalimu», na kote huko Mnorwe anatumia snakke. Si (si, sier, sa, har sagt) inadai maneno yenyewe: hun sier at hun kommer, anasema kwamba anakuja. Baada ya si lazima kije kile kilichosemwa. Snakke ni tendo la kuzungumza lenyewe, hata kama hatujui kilichosemwa. Ndiyo maana «jeg sier norsk» ni kosa, na «jeg snakker norsk» ni sahihi, bila kihusishi chochote kati ya kitenzi na jina la lugha. Ukitaka kusimulia au kumjulisha mtu jambo, tumia fortelle: fortelle, forteller, fortalte, har fortalt.

Duara la tatu lilizunguka nafasi tupu ambapo «om» ilitakiwa kuwa. Hapo Mama alichukua kalamu, akaanza kuandika vitenzi vyetu kushoto na vyao kulia, na mimi nikamsaidia. Kuzungumza na mtu: snakke med. Kuzungumzia jambo: snakke om. Kumsemesha mtu, yaani wewe ndiye unayeelekeza maneno kwake, yeye ajibu asijibu: snakke til. Kuzungumza pamoja: snakke sammen. Kazi ambayo sisi tunaikabidhi mkia wa kitenzi, ile -ia ya zungumzia na -esha ya semesha, wao wanaikabidhi neno dogo linalofuata. Tangu jioni ile sijamwona Mswahili anayehangaika na vihusishi hivi nikamfundisha kwa njia nyingine. Usikariri med, om na til kama orodha. Iulize sentensi yako ya Kiswahili kitenzi kina mkia gani, kisha tafuta neno linaloubeba mkia huo.

Hatari yake iko kwenye maswali. «Unazungumzia nini?» imekamilika, kwa sababu -ia iko ndani. Mama akatafsiri: «Hva snakker du?» Mwalimu akasubiri. Kihusishi kinabaki nyuma kabisa, mwisho wa swali: Hva snakker du om? Hvem snakker du med? Kwa sikio letu sentensi inayoishia hivyo ni kama mtu aliyekatizwa, na ndiyo sababu tunaidondosha. Tulirudia maswali hayo mawili mara ishirini kwa zamu, hadi kuacha «om» kukawa ndiko kunakosikika vibaya.

Wakati uliopita ni mwepesi: snakke, snakker, snakket, har snakket. Wengine husema na kuandika snakka, nayo ni sahihi, ila usichanganye snakket na snakka katika barua moja. Tatizo letu linatoka kwenye -me-. Mtu wa kwetu husema «nimeongea naye jana» bila shida, kisha anaandika «jeg har snakket med henne i går». Ukitaja i går, har inaondoka: «Jeg snakket med henne i går.» Na ukianza na i går, kitenzi lazima kishike nafasi ya pili: «I går snakket jeg med henne.» «I går jeg snakket» ndilo kosa lililomponyoka kila mgeni pale maktabani, mimi nikiwemo, mara nne kabla ya kahawa kupoa.

Matamshi nayo yana kanuni. Kk mbili zinaifanya a iwe fupi, na sn- hutamkwa bila kuchomeka irabu, isiwe «sinake». T ya snakket inasikika, wakati t ya møtet, mkutano ule, haisikiki. Mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unatufaa katika snakke, fortelle na diskutere. Unatuangusha kwenye samtale, mazungumzo, lile neno la barua zetu, ambayo mkazo wake uko mwanzo: SAM-tale. Mama alikuwa akisema sam-TA-le kama jina la kijiji.

Nikauliza kwa nini nisiandike diskutere, neno linaloonekana la kiofisi zaidi. Mwalimu akasema kwamba diskutere (diskuterte, har diskutert) inaleta picha ya hoja zinazopambana. «Jeg vil diskutere arbeidstiden» ingemfanya mkuu wa zamu aje amejiandaa kujitetea. Pia haihitaji om: diskutere saken, kama kujadili suala. Drøfte iko karibu nayo, ila ni ya barua na vikao rasmi. Prate ni kupiga soga. Snakke inafaa kwa mkuu wa kazi, kwa daktari na kwa jirani, na haimtishi mtu. Neno lenyewe lina asili ya Kijerumani cha kaskazini, lugha ya wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa kale wa miji ya biashara, waliokuwa na maghala yao pale Bryggen, gati la zamani la Bergen, mwendo mfupi tu kutoka tulipoketi. Hilo lilinifurahisha sana, mimi niliyekulia kwenye lugha ya bandarini.

Tulipokuwa tukivaa makoti mwalimu akasema «Vi snakkes», tutazungumza. Mama akaitazama ile -s. Tulikuwa tumeshaisikia kwenye vi ses, tutaonana, na kwenye møtes, kukutana. «Hiyo ni -ana,» akasema Mama, na alikuwa sahihi: ses, onana, møtes, kutana, slåss, pigana. Snakkes hutumika hasa katika kuagana hivi.

Kesho yake saa nne niliitamka sentensi yangu jinsi ilivyoandikwa. Mkuu wa zamu alijibu: «Ja, det kan vi snakke om», ndiyo, hilo tunaweza kulizungumzia. Om ilikuwa mwishoni, na niliisikia. Tulizungumza dakika arobaini. Mwishoni aliandika kwenye fomu kwamba vi ble enige om, tulikubaliana juu ya, zamu mbili za jioni kwa wiki badala ya nne. Enig nayo ina vihusishi vyake: enig med mtu, enig i wazo, enige om jambo mlilolikubali pamoja. Hiyo niliibeba hadi Jumanne iliyofuata.