Siku Injini ya Kulia Ilipogoma Kuwaka

Hii ilikuwa Februari 2016, Terminal 3 bado inajengwa, mimi nasomea leseni ya ndege za injini mbili pale uwanja wa Nyerere. Ndege yetu ilikuwa Piper Seminole, injini mbili za hospawa 180 kila moja, na mimi kichwani najua kabisa kwamba injini mbili maana yake moja ni ya akiba. Si ndo maana tunalipa hela nyingi hivi.

Kapteni aliyekuwa ananifundisha alikuwa mtu mzima, haongei sana, mimi ananiita dogo. Tukapanda mpaka futi 4,500 baharini usawa wa Bagamoyo, matenki yamejaa, na mwanafunzi mwenzangu kakaa nyuma anasubiri zamu yake, joto la kaskazi lile unalolijua, shati limeganda mgongoni. Kapteni akaficha vishikio vya injini kwa ramani nisione, halafu akakata mafuta ya injini moja.

Pua ikakimbilia kulia, nikakanyaga pedeli ya kushoto kwa nguvu zote. Sheria ni kwamba mguu unaolegea ndo upande wa injini iliyokufa, kitu cha kitoto kabisa ukiwa darasani, sasa jaribu mguu wa kushoto unauma na akili yote iko kwenye huo mguu unaouma. Mkono wangu ukaenda kwenye kishikio cha buluu cha kushoto, kile cha propela. Nikakigusa tu, nikashtuka, nikahamia cha kulia, nikarudisha kwanza kile kishikio cheusi cha gesi cha kulia kuhakikisha, hakuna kilichobadilika, basi hii ndo maiti, nikaifeza. Kufeza ni kuzigeuza panga za propela zikate upepo kama kisu badala ya kuuzuia, na utani wetu ulikuwa ukichelewa kufeza utalipa fedha. Kapteni kimya. Nikasema moyoni afadhali hajaona.

Propela ikasimama kabisa. Kuitazama imetulia vile dirishani ukiwa juu ya bahari, aisee.

"Haya iwashe." Nikabonyeza stata. Tk. Tena. Tk. Kapteni akabonyeza mwenyewe, tk. Na propela ikishafezwa upepo hauizungushi tena, kwahiyo huwezi kusema tuistue kama Hiace ya daladala abiria washuke wasukume. Stata ikifa umebaki na moja.

Hapo ndo hesabu niliyoikariri ikaanza kuniuma. Ukipoteza injini moja umepoteza nusu ya nguvu, lakini uwezo wa kupanda unapungua kwa asilimia 80 au zaidi, kwasababu kupanda kunatokana na kile kinachobaki baada ya ndege kujishikilia tu hewani. Ni kama nyumba yenye mishahara miwili, mmoja ukikatika kodi ya nyumba haipungui, kinachokufa chote ni ile chenji ya mwisho wa mwezi. Na kwa joto lile la nyuzi 33 hewa ya Dar imelegea, ndege inaona kama vile uwanja wenyewe uko futi elfu mbili na ushee juu ya bahari. Sindano ya kupanda ikakaa chini ya sifuri kidogo, ikagoma kurudi.

Zanzibar ilikuwa pale pale lakini katikati maji matupu, Kapteni akasema tunarudi tukifuata pwani. Akaongea na mnara kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Kwangu akasema moja tu, "Spidi 88, usiuache mstari wa buluu," ile alama kwenye saa ya spidi, spidi ya kupanda vizuri zaidi ukiwa na injini moja. Dakika ishirini na kitu nimeilaza ndege kidogo upande wa kushoto, wa injini nzima, Kunduchi ikapita, mabati ya Tabata yakapita, futi zinapungua mia baada ya mia, nyuma mwenzangu hata kukohoa hakohoi. Tulipozunguka kuja kutua na barabara ya 05 tukitokea Gongo la Mboto tulikuwa futi 3,000 hivi. Nikataka kushusha magurudumu, akanipiga kibao cha mkono. "Bado. Ukishayashusha hayo na flapu za mabawa, hakuna kurudi juu." Tukayashusha pale tulipoona hata injini ya pili ikizima tunafika.

Kutua kwenyewe kulikuwa kwa kawaida tu. Magari ya zimamoto yalitusindikiza, nikaona aibu.

Fundi akafungua boneti, akaigonga stata kwa kipini cha spana mara mbili, akatuambia tujaribu. Propela ikazunguka vizuri kabisa. Tukacheka wote, mimi kuliko wote, naenda zangu kununua maji, Kapteni akaniita.

"Dogo. Ulianza kushika ya kushoto."