Moto wa Makaa, na Kisu Chenye Mnyororo

Andiko la juma: Yohana 21:9–17

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili nimerudi kwenye andiko nililolisoma kwa makini mara ya kwanza nikiwa mfungwa, unga ukiwa bado chini ya kucha zangu. Petro na wenzake wanashuka pwani alfajiri baada ya kukesha ziwani. Wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mpishi ni Bwana mwenyewe.

Nilipangiwa kazi ya jikoni mwaka wangu wa pili wa kifungo. Kupika sikujua, nyumbani nilikuwa mtu wa kuletewa sahani na kuirudisha tupu. Siku ya kwanza nilizoea upesi lile joto na yale masufuria makubwa, ila kisu kilinisimamisha. Kilikuwa kimefungwa mnyororo kwenye meza, mfupi hata ikabidi usogeze kitunguu kukifuata kisu. Jioni visu vilihesabiwa, na hesabu isipotimia hakuna anayetoka. Hamira nayo ilikaa kabatini, chini ya kufuli. Askari aliitoa kwa kipimo, maana kuna wanaojua kuichanganya na sukari na maganda ya matunda wakapata pombe. Sikuwalaumu. Kutoaminiwa kule tulikuwa tumekuchuma kwa mikono yetu wenyewe.

Lakini hamira ile ile iliyoogopwa ilibidi itolewe kila usiku, la sivyo asubuhi hakuna mkate. Kwa hiyo wakatupatia. Sisi ambao mahakama ilikwisha kutuondoa katikati ya watu, tukakabidhiwa kitakachoingia tumboni mwa mamia ya watu.

Aliyetufundisha alikuwa mfungwa mzee, tukimwita Mwalimu. Alisema maji ya kuamshia hamira yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mimi kwa haraka zangu nikamimina ya moto kabisa. Hamira ni kitu chenye uhai. Maji yakifika nyuzi 60 hivi inakufa. Unga ukalala pale pale, haukuumuka hata kidogo, na kwa kuwa hapakuwa na unga mwingine tuliuoka hivyo hivyo. Asubuhi ile watu walitafuna mikate migumu, kimya. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningepata nafuu.

Usiku nililia, na nataka niseme wazi nilichokililia. Mahakamani nilikuwa nimesema ninajuta kwa sababu wakili aliniambia niseme. Usiku ule ndipo niliumia moyoni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kwa sababu mtu mwingine amekosa kitu kwa ajili yangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba Umoja wa Mataifa, katika Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015, umeandika kuwa chakula cha mfungwa kiwe chenye lishe na kiandaliwe vizuri. Nikajua kwamba asubuhi ile mnyimaji wa haki nilikuwa mimi. Toba yangu ilianzia kwenye mkate mgumu.

Kesho yake Mwalimu akanipa beseni lile lile. Hakunihubiria. Alisema tu, "Leo pima maji kwa kifundo cha mkono." Nikakanda mpaka unga ukaacha kunata na kuanza kuvutika. Tukaufunika, tukasubiri. Ukaumuka, nikaupiga ngumi hewa itoke, tukausubiri tena. Ndugu yangu ambaye hujafungwa, huenda hujui muda unavyokuwa adui kule ndani. Kila mtu anatafuta namna ya kuuua. Pale kwenye beseni nilikaa nikiutazama muda ukifanya kazi yake njema, polepole, chini ya kitambaa.

Sasa turudi kwa Petro. Neno alilotumia Yohana kwa moto ule wa makaa linapatikana mahali pawili tu katika Agano Jipya lote. Mahali pale pengine ni sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto huku anamkana Bwana. Nadhani Petro alipoisikia harufu ya yale makaa pwani, tumbo lilimkata. Bwana alikwisha kuwa na samaki motoni, na bado akasema waleteni na hao mliovua ninyi. Kwanza akamlisha. Ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda, na kila jibu likafuatwa na kazi: lisha, chunga, lisha. Aliyemkana mara tatu anakabidhiwa matumbo ya wengine akiwa bado ananuka moshi.

Najua si kila mwokaji wa gerezani hadithi yake huishia vizuri. Katika Mwanzo 40 mkuu wa waokaji wa Farao alitundikwa siku ya tatu, na Yusufu aliyekuwa akimhudumia hakuweza kulizuia. Mwalimu wetu naye ana kifungo cha maisha. Nilipoondoka nilimwacha anapaka trei mafuta, pembe zote, bila haraka. Mwombeeni.

Mimi nilitoka. Kanisani walinipokea, wakanishika mkono, wakanionyesha pa kukaa. Ilipita karibu miezi minne kabla sijapata ujasiri wa kuingia jikoni siku ya chakula cha pamoja. Nikasimama mlangoni nikiwa na hofu, kwa sababu nilijua kila mtu mle ndani anajua nilikotoka. Mama mmoja wa kanisa alikuwa anamenya vitunguu. Alinitazama, akafuta kisu kwa aproni yake, akanikabidhi kwa upande wa mpini.

"Baba, nisaidie hivi," akasema, akanipa mgongo, akaenda kukoroga sufuria.