Baridi ya Iringa inaanzia Kitonga

Ukitoka Morogoro kwa basi, joto hukuandama hadi Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara. Kisha gari linaanza kupanda mlima Kitonga, kona baada ya kona, nyuma ya malori yanayojikongoja. Safari iliyopita nilifungua dirisha chini kabisa nikiwa natoka jasho. Tulipofika juu, abiria wa mbele yangu alikuwa ameshajifunga kanga mabegani. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi.

Mji wenyewe umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Barabara kuu ya Mbeya haiupiti katikati. Inapita chini, Ipogolo, karibu na mto Ruaha Mdogo, nawe unapanda tena.

Wengi hudhani baridi ni mvua. Sivyo. Milima ya Udzungwa, upande wa mashariki, hukinga mawingu yatokayo bahari ya Hindi, na mvua nyingi huishia kule kwenye misitu. Mjini mvua ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, basi. Juni na Julai ni upepo mkavu unaopasua midomo, na vumbi jekundu.

Mimi naupenda zaidi mwezi huo wa Julai. Panda jiwe la Gangilonga jioni, jua likizama: mabati yote ya mji yanawaka, na mwamba bado una joto mgongoni.